Ugoro Kwenye Tundu la Ufunguo

Mtambo ulilia mara tatu kwa sauti ya kukatika, ukanyamaza. Taa ya kijani haikuwaka. Eufrasia Mbano alihesabu hadi thelathini kama alivyofundishwa, akabonyeza swichi tena, nao ukalia tena mara tatu na kunyamaza.

"Umeuua," alisema Mkurugenzi Mrutu nyuma yake. Hakupaza sauti. Mrutu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Ubaya wake aliutoa kidogo kidogo, kwa kijiko.

"Haujafa, Mkurugenzi. Umekataa kuamka."

"Jana ulikuwa unafanya kazi?"

"Ndiyo."

"Nani ameugusa kati ya jana na sasa hivi?"

"Mimi."

"Basi usinifundishe Kiswahili."

Ilikuwa saa moja na robo asubuhi, na ukungu wa Mufindi ulikuwa umeziba madirisha yote ya Jumba la Usingizi. Nyuma ya ukuta wa kioo walilala watu sitini na mmoja ambao ugonjwa wa vumbi ulikuwa umewala mapafu. Walisubiri mapafu mapya, yale yanayooteshwa maabara kwa foleni ya miaka, na wakati wakisubiri walilazwa usingizi mzito wa kupumua mara moja kila dakika moja na nusu. Kila pumzi ilipimwa na mtambo na kuchanganywa na dawa. Kwa miaka kumi na moja mtambo ule ulikuwa umejifunza pumzi ya kila mmoja wao, kama mama anavyomjua mwanawe kwa kikohozi.

Sasa ulikuwa umezimwa, na aliyeuzima ni Eufrasia. Kumbukumbu ya mtambo ilikuwa imejaa pomoni, wagonjwa ishirini walikuwa nje wakingoja vitanda, na yeye mwenyewe ndiye aliyeandika barua tatu kuomba kadi mpya za kumbukumbu. Kadi nne zilifika juzi. Kazi ya nusu saa, alimwambia Mrutu: zima, chomeka, washa.

"Visanduku vina umeme hadi saa ngapi?" aliuliza Mrutu, ingawa alijua.

"Saa sita kamili mchana."

Kila kitanda kilikuwa na kisanduku chake cha dharura chenye akili ya kasuku. Kilirudia pumzi ya mwisho kiliyopewa na mtambo, basi. Mgonjwa akibadilika, chenyewe hakibadiliki. Na saa sita, betri zikiisha, hata pumzi hiyo ingekatika.

"Basi tubonyeze kitufe cha kusahau," alisema Mrutu.

Kitufe hicho kilikaa chini ya kifuniko cha kioo, nacho kilitaka vidole viwili kwa wakati mmoja, cha mkurugenzi na cha fundi wa zamu. Ukikibonyeza, mtambo unafuta kila ulichojifunza na kuamka baada ya dakika ishirini na tano, mweupe, haumjui mtu. Ungempa kila aliyelala pumzi ya wastani na kuanza kujifunza upya kwa siku tatu. Hamsini na wawili wangevumilia. Tisa wa chumba cha mwisho, ambao mapafu yao yalibaki vitambaa vitupu, wasingefika jioni. Kuwapumulia kwa mkono haikuwezekana, maana pumzi na dawa vilikwenda pamoja kwa vipimo ambavyo jicho la mtu haliwezi kuviona.

"Ni watu tisa, Mkurugenzi."

"Najua kuhesabu. Najua pia nani yuko kitanda cha tano mle ndani."

Kwenye kitanda cha tano cha chumba cha mwisho alilala Desideri Mbano, kaka yake Eufrasia wa tumbo moja. Eufrasia alihisi uso ukimwaka moto. Ilikuwa kweli.

"Nipe hadi saa tano na nusu," alisema. "Muda wa kubonyeza utakuwa bado upo."

"Saa tano na nusu utaleta kidole chako hapa kwa miguu yako. Usipokuja, walinzi watakileta."

*

Kanuni ya kwanza ya ufundi ni ya aibu: rudisha ulichobadilisha. Eufrasia aling'oa kadi nne mpya, akarudisha za zamani, kila moja kwenye nafasi yake ileile. Akawasha. Mtambo ukalia mara tatu. Akatoa zote akabakiza moja, akaihamisha nafasi hadi nafasi, kisha akajaribu ya pili, ya tatu, ya nne. Mara tatu, kimya. Akachomoa diski, akachomoa feni za akiba, akachomoa waya wa skrini, mpaka mtambo ukabaki mifupa: ubao, kadi moja na umeme. Akawasha huku amefumba macho.

Mara tatu, kimya.

Mrutu alikuwa amevuta kiti akakaa mlangoni. "Hapo unatengeneza au unabomoa?"

Sista Blandina, muuguzi wa zamu, alipita na kikombe cha chai akakiweka karibu na goti la Eufrasia. Mrutu aliinama, akakichukua, akanywa yeye. Eufrasia alimchukia sana dakika ile, na chuki ile ilimsaidia, maana ilimkausha machozi.

Akajilazimisha kufikiri. Kama mtambo umevuliwa kila alichoongeza na bado unalia vilevile, basi kosa haliko kwenye alichoongeza. Kuna kitu kingine kilichobadilika, na kilibadilika zamani, ila hakuna aliyejua kwa sababu mtambo haukuwa umezimwa kwa miaka minne. Ni kitu gani mtambo unakiuliza wakati wa kuamka tu? Mtu aliyemo ndani ya nyumba haulizwi ufunguo. Anaulizwa anayetaka kuingia.

Ufunguo.

Jumba lilipofunguliwa, kamati ya ndugu wa wagonjwa ilishikilia kwamba mtambo uwe na ufunguo mmoja tu, usio na nakala, ili asitokee mtu wa kuubadilisha kinyemela na kuchezea pumzi za watu. Ufunguo wenyewe ulikuwa kidude cha kielektroniki, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, nacho kilikaa kwenye tundu nyuma ya kasha la umeme, chini ya kifuniko chenye skrubu mbili. Hati ya makabidhiano ilisema, "Ufunguo upo mahali pake." Eufrasia aliitia sahihi hati hiyo wiki aliyofariki fundi mkuu, Mzee Kihwele. Aliitia sahihi bila kufungua kifuniko, kwa sababu kila mtu alijua ufunguo hautolewi.

Akafungua skrubu mbili. Tundu lilikuwa tupu.

Aliingiza ncha ya bisibisi akaitoa. Ilikuja na vumbi la rangi ya kahawia. Akalinusa, akapiga chafya, na papo hapo akajua kila kitu. Ulikuwa ugoro.

Akakaa sakafuni. Mzee Kihwele alikuwa hamwamini mtu, na Mrutu ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya wasioaminika. Mtambo ukiwa macho hauhitaji ufunguo, kwa hiyo mzee aliutoa akautia mahali ambapo hakuna mtu angepeleka kidole: kwenye kibati chake cha ugoro. Alitembea nacho mfukoni mpaka siku aliyoanguka. Kibati hicho kilipo, Eufrasia hakuwa na haja ya kuuliza. Alikizika yeye mwenyewe.

Mzee Kihwele alikuwa Mhehe na Eufrasia ni Mngoni. Mababu zao walichinjana hadi wakachoka, na walipochoka wakawa watani, na mtani kwenye msiba ana ruhusa zote. Siku ya mazishi Eufrasia aliingia kaburini kabla ya jeneza, akajilaza, akadai hatoki mpaka apewe jogoo. Watu waliokuwa wakilia wakacheka mpaka wakashika mbavu. Jeneza liliposhushwa, alichomoa kibati cha mzee kwenye koti lililotundikwa kwa ajili ya matambiko, akakirusha chini. "Chukua ugoro wako, mla mbwa! Usije ukatusumbua ndotoni unaomba!" Mjane wake alicheka kuliko wote. Udongo ukafuata.

Majuto ni mjukuu. Eufrasia aliinuka, akapangusa magoti, akamwendea Mrutu na kumweleza yote, pamoja na ile sahihi.

Mrutu alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo marehemu aliiba, wewe ukazika, na kamati itaniuliza mimi." Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na nusu. "Kidude kimelala udongoni miezi kumi na mmoja. Kimeoza. Kila dakika unayoitumia huko, watu sitini na mmoja wanapumuliwa na kasuku. Ungekuwa huna kaka chumba cha mwisho, ungekuwa umeshabonyeza."

"Labda," alisema Eufrasia. "Lakini wale wanane wengine nao wana ndugu."

"Saa tano na nusu," alisema Mrutu.

*

Pikipiki ilimfikisha kijijini kwa dakika kumi. Njiani alipitia kambi ya wachuma chai, akawachukua Komba na mdogo wake, Wangoni wenzake, na sepetu tatu.

Mama Oliva, mjane wa Mzee Kihwele, alikuwa akianika mahindi mbele ya nyumba. Alipomwona alitabasamu hadi pengo likaonekana. "Umekuja kuiba nini leo, mtoro wa vita?"

Siku nyingine Eufrasia angejibu papo hapo. "Leo sina utani, mama," alisema.

Uso wa mama ulibadilika. Mtani akikwambia hivyo, ujue nyumba inaungua. Eufrasia alieleza kwa haraka: mtambo umegoma, ufunguo umo kwenye kibati, kibati kimo kaburini juu ya jeneza. Alipomaliza, shemeji wawili wa mama walikuwa wameshatoka uani, mmoja ameshika panga alilokuwa akikatia kuni.

"Mume wangu si kabati la vipuri," alisema Mama Oliva.

"Najua, mama."

"Hujui. Bado mwezi mmoja tumjengee kaburi. Mnataka nimfukue kama muhogo?"

"Hatutagusa jeneza. Tutafika juu yake tu."

"Mguse kaburi muone," alisema yule mwenye panga. "Nitawafukia humo humo."

Mama Oliva alimnyamazisha kwa mkono. Alikuwa akimtazama Eufrasia machoni. "Na Oliva wangu?"

Oliva alikuwa binti yake wa pekee, amelala kitanda cha kumi na saba, chumba cha wale wenye nguvu. Yeye ni mmoja wa wale hamsini na wawili. Kitufe cha kusahau kisingemdhuru. Kingekuwa kimeshamwokoa tangu saa mbili. Eufrasia alijua hayo yote. Akimwambia mama, mama atasema bonyezeni, na nani angemlaumu? Desideri atakufa kabla jua halijazama, na wanane pamoja naye.

"Ufunguo ukipatikana, wote watapumua," alisema. "Na Oliva pia."

Hapakuwa na neno la uongo ndani ya jibu hilo. Alijichukia kwa jinsi lilivyotoka laini.

Mama Oliva alivuta pumzi. "Aliyemzika ni mtani," aliwaambia shemeji zake. "Mtani ndiye atakayemfukua. Ninyi mkiligusa kaburi lake, mtakufa. Huyu hafi, ameshalala humo." Kisha kwa Eufrasia: "Nenda. Na ukimaliza utamwomba radhi kwa jogoo wawili."

Walichimba. Udongo ulikuwa mwekundu, mzito kwa ukungu, unaganda kwenye sepetu. Komba na mdogo wake walipokezana, Eufrasia hakupokewa. Mama alisimama ukingoni akisema na mumewe kwa Kihehe, akimweleza kinachofanyika ili asishtuke. Shemeji wawili walikaa mbali kidogo, panga likiwa magotini.

Saa nne na dakika arobaini simu ililia. Eufrasia alikuwa shimoni hadi kifuani.

"Dada," ilikuwa sauti ya Sista Blandina, ya chini, ya haraka. "Kitanda cha kumi na saba. Oliva. Kohozi limeziba, midomo inageuka rangi. Nimejaribu kila kitu cha mkono. Kisanduku kinasukuma vilevile tu, hakijui."

Kisha Mrutu. "Njoo na kidole chako. Pikipiki dakika kumi, mtambo dakika ishirini na tano. Utamwona na kumfungulia njia. Anaweza kufika."

"Anaweza?"

"Anaweza."

"Na wale tisa?"

"Unajua jibu. Umefika wapi huko?"

Eufrasia alitazama chini. Kulikuwa na udongo tu. "Bado kidogo."

"Bado kidogo si kipimo, fundi."

Alimtazama Komba, aliyesimamisha sepetu akimngoja. Akawaza hesabu ambayo mtu yeyote angeikubali, tisa kwa mmoja, na chini ya hesabu hiyo akaliona jina la Desideri, na hakuweza tena kujua kipi kilikuwa kikimshika pale shimoni. Alikata simu.

"Nani huyo?" aliuliza Mama Oliva kutoka juu.

"Mkurugenzi. Anataka tuharakishe."

"Mwanaume yule hana adabu," alisema mama. "Chimba, mtoro wa vita. Chimba, mwanangu."

Eufrasia alichimba. Alichimba mpaka ngozi ya viganja ikatoka, na hakuinua uso, maana juu alikuwa amesimama yule mama.

Baada ya robo saa sepetu ya Komba iligonga mbao. Walifagia kwa mikono. Kibati kilikuwa kimebanwa ubavuni mwa jeneza, kimeshika kutu, kifuniko hakitoki. Eufrasia alikipasua kwa bisibisi. Ndani ya ugoro uliogandamana kulikuwa na kifuko cha nailoni kilichofungwa kwa uzi mara nne, na ndani ya kifuko, kikavu, kisafi, kilikuwa kile kidude kidogo kama ukucha.

Mama Oliva alipiga vigelegele. Akampa mkono kumtoa shimoni, akamkumbatia na udongo wake wote.

*

Saa tano na dakika ishirini Eufrasia alichomeka ufunguo kwenye tundu. Akarudisha kadi, diski, feni. Akabonyeza swichi.

Mtambo ulilia mara moja, mlio mrefu. Taa ya kijani ikawaka.

Kwenye skrini vitanda vilijitokeza kimoja kimoja, kila kimoja na mstari wake wa pumzi, mtambo ukiwasalimu watu wake kama waliokuwa wameachana jana. Kitanda cha tano cha chumba cha mwisho kilijitokeza, mstari ukapanda na kushuka polepole. Eufrasia alishika ukingo wa meza. Hakuthubutu kufurahi. Wote tisa walikuwa hai. Sitini walikuwa hai. Kitanda cha kumi na saba kilikuwa na mstari mnyoofu.

"Saa tano na dakika nane," alisema Sista Blandina. Hakumtazama.

Mrutu aliandika muda huo kwenye kitabu cha zamu. Chini yake akaandika muda wa ile simu, na muda iliokatwa. "Sitakufukuza," alisema. "Umeokoa tisa, na kamati itakupongeza. Ila mama wa marehemu ataelezwa kila kitu, na atakayemweleza ni mimi. Ana haki ya kujua, na wewe hukumpa."

Eufrasia alitaka kumwambia kwamba haki hiyo Mrutu alikuwa ameikumbuka saa hii kwa sababu ilimuumiza fundi wake. Badala yake akaanza kurudisha skrubu za kifuniko. Safari hii Mrutu alikuwa anasema kweli, na ukweli haupungui kwa kuwa aliyeusema ni adui yako.

Kupitia dirishani alimwona Mrutu akimpokea getini Mama Oliva, aliyekuwa amefuata kutoka kijijini. Waliongea wamesimama. Mrutu alionyesha saa yake ya mkononi mara mbili. Mama hakulia wala hakushika kichwa. Alisikiliza tu, kitenge kimefungwa kiunoni, udongo wa kaburi la mumewe bado uko kwenye pindo.

Eufrasia alimngoja mlangoni. Alikuwa amejiandaa kwa kofi. Alikuwa amejiandaa kuitwa muuaji, mchawi, na hata majina ambayo Wahehe waliwaita Wangoni kabla ya utani kuzaliwa. Alikuwa akiyangoja kama mtu mwenye kiu, kwa sababu tusi lolote, hata lile la kweli, lingekuwa bado ni neno kutoka kwa mtani.

Mama Oliva alisimama mbele yake. "Habari za kazi, Bi Mbano," alisema.

"Mama."

"Naomba nionyeshwe alipo binti yangu."

"Mama, nitukane. Nakuomba unitukane."

"Nimeambiwa mmefanya kazi nzuri, wagonjwa wengi wamepona. Mungu awabariki." Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ambayo mtu humpa karani wa ofisi asiyemjua. Hakuna kilichotetemeka ndani yake. "Ni chumba kipi?"

Eufrasia alimtangulia korido nzima, akamfungulia mlango, akasogea pembeni. Mama alipofika kizingitini alisimama kidogo, bila kugeuka.

"Kaburi la Oliva watachimba ndugu zake," alisema. "Wewe usijisumbue kuja, Bi Mbano."

Akaingia, akaurudisha mlango taratibu nyuma yake.